Majasusi wa Kalamata

Ugiriki wapewe maua yao. Novemba 2001, Waingereza 12 na Waholanzi 2 walinaswa Kalamata, siku ambayo jeshi la anga lilifungua geti watu waje kutazama ndege. Jasusi hukamatwa hivyo: unamkaribisha kwanza. Na ushahidi ulikuwa mzito: madaftari yaliyojaa namba za ndege, zile zile zilizopakwa rangi ubavuni ili zisomeke kwa mbali. Mtu mzima anayepanda ndege kwenda kuandika namba za ndege, huyo si wa kuchekewa. Aprili 2002 wanane walihukumiwa miaka 3 kwa ujasusi. Sita, mwaka 1 kwa kuwasaidia, pengine kuwashikia kalamu. Novemba, mahakama ya rufaa ikawaachia wote. Ni wazi madaftari hawakuyasoma vizuri.