Namna ya Kuokoka Eastlands Kabla King'ora Hakijasikika

Ploti nyingi za Pipeline, Tassia, Umoja na Huruma, hapa Eastlands, Nairobi, zina ghorofa sita au saba, ngazi moja, geti moja na keateka mmoja mwenye funguo zote. Moto ukizuka saa nane usiku, gari la zimamoto litatoka Tom Mboya Street au Enterprise Road, lije likute barabara ya ndani imezibwa na vibanda, magari yaliyolazwa nje na rundo la mchanga wa mtu anayejenga. Tutawatukana wazimamoto kwa kuchelewa, na njia tumeiziba sisi wenyewe. Anayefika kwanza Eastlands ni jirani. Mwongozo huu ni wa kumfanya jirani huyo afike akijua la kufanya, kwa sababu jirani mwenyewe ni wewe.

1. Ufunguo utoke kwenye mkoba

Tunamwogopa mwizi kuliko moto. Mlango wa chuma, makomeo mawili, kufuli la ndani, grili dirishani, na ufunguo umo ndani ya mkoba, mkoba umo kabatini, kabati limefungwa. Mwizi hataingia, ni kweli. Wewe nawe hutatoka.

Piga msumari karibu na mlango, mahali mkono wa mtu aliye nje hautafika, ila mtoto wa darasa la tatu anafikia. Tundika ufunguo hapo usiku kucha. Kisha zima taa, mwambie mtoto afungue mlango gizani. Akishindwa leo, mrudie kesho hadi vidole vyake vizoee.

Geti la chini nalo lina habari yake. Keateka akienda ushago na funguo, watu wote wa ploti wamefungiwa. Daini nakala mbili, zikae kwa wapangaji wawili wa ghorofa tofauti. Mwambieni landilodi pia kila nyumba iwe na grili moja inayofunguka kwa ndani. Kodi mnalipa kila mwezi, kwa hivyo mna haki ya kuuliza.

2. Mtungi wa gesi si wa kuweka chini ya kitanda

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, hutambaa sakafuni ikitafuta cheche. Basi mtungi ukae karibu na mlango au dirisha, hata kama nyumba yako ni chumba kimoja.

Kila ukibadilisha mtungi, chukua sabuni ya kuoshea vyombo, koroga na maji, upake povu kwenye mpira na pale unapofungia. Likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti. Ukisikia harufu usiku, usiguse swichi, si ya kuwasha wala ya kuzima. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toka na watoto, ugonge milango ya majirani kwa mkono.

Mtungi ununue kwa muuzaji mwenye leseni. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mtaani Mradi, Embakasi, gesi ililipuka kwenye kiwanja kilichokuwa kikiendesha biashara hiyo kinyume cha sheria. Watu waliuawa na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya kudhibiti nishati, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali ya mahali hapo mwaka 2023. Ukiona lori linajaza mitungi uani kwa jirani, usinyamaze kwa sababu anakuuzia kwa bei ya chini. Piga ripoti.

Na jiko la makaa, hata baridi ya Julai ikikaza vipi, lisilale ndani na watu. Sumu yake haina harufu, na aliyelala haamshwi nayo.

3. Mafuta yakimwagika, kimbia upande mwingine

Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba huko Sinai, Lunga Lunga, ikaingia mtaroni. Watu walikwenda na ndoo na madebe, moto ukawaka, zaidi ya mia moja wakafa. Walikuwa maskini, hawakuwa wajinga. Ndoo moja ya petroli ingelipa kodi. Kwa hivyo watoto wetu wafundishwe mapema, nyumbani na kanisani na msikitini, kwamba petroli ya bure haipo.

Siku hizi ndoo imebadilika ikawa simu. Kitu kikilipuka, tunakimbilia huko kurekodi. Picha yako haimsaidii aliye ndani, na mlipuko wa pili hauulizi nani ni mwanahabari. Ukitaka kusaidia, simama kwenye kona ya barabara, uondoe magari na bodaboda ili ambulensi ipite.

4. Daftari la ngazi

Serikali ilileta mpango wa Nyumba Kumi, wa majirani kulindana, mwaka 2013, wazo lililochukuliwa kwa mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania. Sisi tumelikumbuka tu runinga ikiibwa. Kundi la WhatsApp la ploti tunalo, lakini kazi yake ni ugomvi wa maji na takataka.

Nunueni daftari moja. Kila ghorofa iandike nani anahitaji kubebwa: shosho asiyeweza kushuka ngazi, mama aliye karibu kujifungua, mtoto mwenye pumu, kijana asiyesikia mtu akipiga kelele. Mbele ya kila jina liandikwe jina la atakayembeba. Mama Brayo akiwa zamu ya usiku, nani anawachukua mapacha wake? Kama jibu ni "mtu yeyote," hakuna mtu. Daftari likae kwa watu wawili mnaowaamini, kwa maana hizo ni siri za watu.

Ukutani karibu na ngazi, andikeni kwa rangi isiyofutika: 999 na 112 za dharura, 1199 ya Msalaba Mwekundu, 116 ya watoto. Ongezeni namba ya bodaboda na ya mwenye teksi wanaopokea simu usiku, na mkubaliane njia ya kufika hospitali ya Mama Lucy mvua ikiwa imefunga barabara.

5. Rangi haiponyi ufa

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma. Zaidi ya watu arobaini walikufa, na wakazi walianza kufukua kwa mikono. Aprili 2024 maji ya Mto Mathare yaliingia usiku katika nyumba zilizojengwa kandokando yake, yakabeba watu na mali.

Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kukwama, ufa ukipanuka, nguzo ikimeguka, usingoje mwisho wa mwezi. Wakaguzi wakichora alama nyekundu ya X ukutani na mwenye ploti akaipaka rangi juu yake, ufa uko palepale. Hameni mapema na mwambiane.

Aishiye kando ya mto aweke bahasha ya plastiki juu ya kabati: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki, dawa za kila siku na pesa kidogo taslimu. Maji yakifika mlangoni, beba bahasha na watoto. Godoro liache.

6. Dawa ya meno ibaki ya meno

Mtoto akiungua, mmoja analeta dawa ya meno, mwingine unga, wa tatu yai. Yote hayo yarudi jikoni. Weka sehemu iliyoungua chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika ishirini. Bomba likiwa kavu, mimina maji kutoka kwa jagi taratibu. Funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali.

Mafuta ya kukaanga yakishika moto sufuriani, usimwagie maji. Funika kwa kifuniko, zima jiko, usiinue kifuniko hadi sufuria ipoe.

Jumapili hii, nguo zikiwa kwenye kamba, kutaneni ngazini nusu saa tu. Msiitishe mkutano wenye mwenyekiti na posho. Jaribuni geti kwa funguo zote mbili, andikeni namba ukutani, mshusheni shosho wa ghorofa ya nne kwa kiti, taratibu, naye akikubali, mjue ni mikono mingapi inahitajika. Halafu jazeni daftari: nani atambeba nani. Ghorofa isiyo na jibu hilo haijajiandaa, hata ikiwa na walinzi wawili na kamera getini.