Maua ya Kwelea Kwelea

Wenye kusifu ndege hukimbilia tausi, au heroe wa Ziwa Natron. Mimi leo nampa maua yake kwelea kwelea, kiumbe wa gramu 20 hivi ambaye serikali humtumia ndege ya kunyunyizia dawa. Nani mwingine, kwa uzito huo, huandamwa na rubani?

Mavazi anayajua. Msimu wa kuzaliana dume huvaa kinyago cheusi, kifua kikapata uwaridi, na mdomo ni mwekundu kweli. Jike hana makuu: mdomo wake hugeuka wa njano, basi. Harusi ikiisha, dume hurudia ukahawia wa shomoro, usimtofautishe na raia wema.

Riziki yake ya asili ni mbegu za nyasi. Zikiadimika ndipo hukumbuka kwamba binadamu naye hupanda. Mahindi humshinda, punje ni kubwa. Lakini mtama, uwele, mpunga na ngano, hapo umemfikisha. Bwana shamba hupita Dodoma na Singida akihimiza mtama kwa kuwa unastahimili ukame. Wakulima wapo waliosita. Kwelea hakusita. Hula gramu 10 tu kwa siku, na gramu 10 ni nini? Ila haji peke yake. Kundi la milioni moja ni tani 10 kila siku, na milioni moja kwake ni kikao kidogo. Walio nyuma wakikuta masuke matupu huwaruka wenzao na kutua mbele, kundi zima likabingirika shambani, huku anayeamia yuko juu ya dungu na kombeo lake, na watoto wanapiga madebe saa za shule.

Uzazi? Dume husuka kiota cha nyasi mbichi, mlango ubavuni, kwenye migunga yenye miiba; mti mmoja hubeba mamia. Mayai matatu hivi, kuatamia siku kumi hivi, na makinda huanza kwa kulishwa wadudu (hapo, tumtendee haki, anamfaa mkulima). Koloni zima hutaga na kuangua kwa pamoja. Sijaona kamati ya kijiji yenye umoja huo, hata ya kuchimba kisima.

Kondoa ndiko wanakomheshimu kikwelikweli: humtega kwa vikapu, wakamla. Basi ukiuziwa kwelea wa kukaanga, uliza kwanza alitegwa au alinyunyiziwa. Wa dawa usimle, hata akinukia vipi.