Utukufu wa Likizo ya Wizi

Mnazi umeimbwa, jahazi limeimbwa, na pilau limesifiwa mpaka limeota kiburi. Likizo ya wizi haijapata wa kuisemea. Nakusudia ile ya kumchomoa mtoto darasani katikati ya muhula, mwalimu akiwa ubaoni na rejista iko wazi, akapakiwa ndegeni kwenda kuogelea. Wanaoifanya ni wengi, wanaoitetea hadharani ni wachache, na wanaoikana mbele ya mwalimu mkuu hawahesabiki. Mimi naishi England, nchi iliyolipandisha cheo jambo hili hadi likasikilizwa na Mahakama ya Juu, na naona aibu kuendelea kunyamaza.

Fadhila yake ya kwanza ni kuirudisha hisabati katika nyumba zilizokwisha kuipa talaka. Kabla ya Septemba 2013, mwalimu mkuu wa huku aliweza kumruhusu mtoto hadi siku 10 kwa mwaka kwa safari ya familia, akiona pana sababu maalumu. Mzazi aliandika barua, akajibiwa, basi. Hakuna bongo lililotoka jasho. Kisha kanuni zikakazwa, ruhusa ikabaki kwa mambo ya kipekee tu. Kwenda kuota jua hakuhesabiwi kuwa jambo la kipekee, ingawa kwa hali ya hewa ya huku jua lenyewe ni la kipekee kabisa. Tangu Agosti 2024 bei imepangwa hivi: mtoto akikosa siku tano bila ruhusa ndani ya wiki 10 za masomo, faini inanukia. Ni pauni 80 kwa kila mzazi, kwa kila mtoto, ikilipwa ndani ya siku 21; ukingoja mpaka siku ya 28 ni 160. Ukirudia ndani ya miaka mitatu, ni 160 moja kwa moja. Mara ya tatu huandikiwi tena barua ya faini. Hapo halmashauri hutafuta njia nyingine, na njia hiyo huweza kuishia mahakamani, ambako mambo yanaweza kupanda hadi pauni 2,500.

Sasa mtazame baba wa watoto wawili saa tano za usiku. Ndiye yuleyule aliyekuwa akisema hesabu za siku hizi zimempita kimo. Wazazi wawili, mara watoto wawili, mara 80: mia tatu na ishirini. Nauli ya Agosti kwenda Zanzibar mara nne, toa nauli ya mwanzo wa Oktoba mara nne, toa 320, ongeza begi la zawadi za ndugu, jumlisha hatari ya kusahau ile siku ya 21. Anafanya yote kwa kichwa, na hakosei. Mwalimu gani wa hisabati amewahi kumpata mtu mzima akikokotoa kwa hiari usiku wa manane?

Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walikwisha kuieleza hali hii mwaka 2000 baada ya kuchunguza shule za chekechea za Haifa. Wazazi waliochelewa kuwachukua watoto wao waliwekewa faini. Badala ya kuwahi, wakazidi kuchelewa, kwa kuwa zamani walikuwa wakimwonea haya mwalimu na sasa walikuwa wakimlipa. Faini ilipoondolewa, waliendelea kuchelewa vilevile. Haya walikuwa wameshaiuza. Na halmashauri za England, bila kutaka, zimekuwa mawakala wa safari. Mzazi anaandika kwenye karatasi moja: nauli, kodi ya uwanja wa ndege, mzigo wa ziada, faini. Kwenye karatasi hiyo hakuna mstari wenye jina la mwalimu.

Nisisahau kuisifu barua yenyewe kwa kutobagua. Mama aliye peke yake, anayesafisha maofisi kabla ya alfajiri, mtoto wake akigoma kutoka kitandani siku tano, anaweza kuipokea barua ileile, kwa pauni zilezile 80. Yeye hupewa bila picha ya machweo.

Fadhila ya pili ni fasihi simulizi. Kitabu gani cha insha kimewahi kuzaa watunzi wengi hivi? Shangazi anaolewa, mjomba amepooza, mtoto ana tumbo, mtoto ana mafua, mtoto ana tumbo lililoletwa na mafua. Wapo mabibi wa Unguja na Mombasa waliokwisha kufariki mara nne katika mafaili ya shule za Leicester na Milton Keynes, nao hadi leo wanakuna nazi. Taabu itakuwa siku bibi atakapofariki kweli, maana mwalimu mkuu atatoa pole ya kifo cha tano kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa.

Utunzi huu una maadui wawili. Wa kwanza ni simu. Karani wa shule anapiga kuuliza mgonjwa anaendeleaje, na kabla hujapokea ameshasikia mlio wa simu ya ng'ambo, usiofanana hata kidogo na wa Uingereza. Wa pili ni mgonjwa mwenyewe. Mtoto hana siri. Anarudi Jumatatu kasukwa nywele, kajaa hina, rangi ya mtu aliyeshinda juani, na mwalimu akimwuliza kama tumbo limepoa anajibu kwamba tumbo lilikuwa zima, ila kima wa Jozani alimnyang'anya biskuti.

Hapo ndipo watetezi wenye elimu huingia na hoja yao kubwa. Wazee walisema elimu ni bahari, na sisi wa ughaibuni tumewaelewa kuliko walivyotaka kueleweka. Kama ni bahari, kuna maana gani kuitafuta katika chumba cha ghorofa ya pili kinachotazama maegesho ya magari? Si bora kumpeleka mtoto Nungwi akaichote mwenyewe kwa kikombe? Wengine hutaja ya asiyefunzwa na mamaye, wakisahau kwamba ile methali ni kitisho, haikutungwa iwe ratiba ya safari. Mwalimu huahidiwa daftari la safari lenye ramani, michoro na mahojiano na wavuvi. Madaftari hayo nimeyaona. Ukurasa wa kwanza ni mzuri, kichwa cha habari kimepigiwa mistari miwili kwa rula. Wa pili una neno moja: joto. Zilizobaki zimeshikana kwa maji ya chumvi.

Lakini nisiwe mchoyo. Yapo mafunzo ya kweli. Shule nyingi za England hufungwa Julai ikielekea ukingoni, na sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi haingoji kengele ya mtu. Anayeiba wiki moja anawahi kuwaona watu wazima wakitandikana kwa migomba mchana kweupe, kijiji kizima kikiridhia, ili ugomvi wa mwaka uishe hapohapo uwanjani. Mtaala wa England una masomo mengi, hilo hauna. Na anayeshawishika na nauli ya Mei anasomeshwa jiografia bila kujiandikisha, kwa kuwa nauli ya Mei ni rahisi kwa sababu mojawapo inayojulikana na kila Mzanzibari: masika. Hoteli kadhaa hufungwa kabisa. Familia inakaa chumbani siku nne ikitazama katuni zilezile za nyumbani kwa intaneti ya kusuasua, na mtoto anagundua kwamba mvua ya Birmingham hunyesha kwa kusahau, ya Zanzibar kwa kukusudia. Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tembo hili lilikuja na maji yake.

Imani yoyote inahitaji shahidi, nasi tunaye Jon Platt wa Kisiwa cha Wight. Aprili 2015 alimkosesha bintiye siku saba za masomo akampeleka Walt Disney World, Florida. Kwa hilo peke yake namvulia kofia. Hakusingizia makumbusho, hakusingizia msiba, hakuahidi daftari. Alikwenda kwa Mickey Mouse na akasema hivyo. Akatozwa pauni 60, akakataa. Zikawa 120, akakataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mahudhurio ya binti yalibaki juu ya asilimia 90 hata baada ya safari, kwa hiyo nani anaweza kusema mtoto huyu haendi shule? Mahakimu wa kisiwani wakaona hana kesi ya kujibu. Halmashauri ikakata rufaa, Mahakama Kuu nayo, Mei 2016, ikasimama upande wake, na wazazi wa nchi nzima wakashusha mabegi kutoka juu ya kabati. Kisha tarehe 6 Aprili 2017 majaji wa Mahakama ya Juu, katika hukumu iliyoandikwa na Lady Hale, wakasema kwa kauli moja kwamba kuhudhuria ni kufuata kanuni za shule, wala wastani haumwokoi mtu. Kesi ikarudishwa kisiwani, akatiwa hatiani, akaachiliwa kwa masharti kwa miezi 12 na kuamriwa kulipa gharama za pauni 2,000. Yule baba wa saa tano za usiku haipendi sehemu hii ya hadithi. Haiingii katika jumla yake.

Ujerumani hawana subira ya kuandikiana barua. Mwaka 2018 polisi wa Bavaria walikwenda uwanja wa ndege wa Memmingen siku chache kabla ya likizo ya Pentekoste, wakawanasa wezi wa siku wakiwa na pasi mkononi. Huo nao ni ukarimu wa aina yake, kusindikizwa na serikali hadi mlango wa kuingilia ndegeni.

Atakayesema jambo hili ni uhuni wa juzi hajui nasaba yake. Miaka mingi, kila Septemba, familia maskini za mashariki ya London zilifunga virago na watoto wao kwenda Kent kuchuma hopsi, ile inayotiwa kwenye bia. Mwandishi George Orwell mwenyewe alikwenda kuchuma mwaka 1931. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa, na madawati yaliwangoja. Ndiyo likizo pekee waliyoijua, nayo ilikuwa kazi. Miji ya vinu vya pamba ya Lancashire ilikuwa na wiki zake, kila mji kwa zamu: kinu kikizimwa, mji wote unamiminika Blackpool, na shule inafuata kinu. Uskoti mapumziko ya Oktoba bado wengi huyaita likizo ya viazi, kwa kuwa watoto walikuwa shambani wakiviokota. Kumbe kalenda ya shule inajua kuinama. Inategemea mbele ya nani.

Nyumbani kwetu nako, karafuu zikikolea Pemba, madarasa hupungua watu. Na hapa ndipo utukufu wa likizo ya wizi unapong'aa kuliko pengine popote. Mtoto wa Pemba akikosa skuli kwa kuwa yuko juu ya mkarafuu, huo ni utoro. Mwalimu anamtafuta sheha, sheha anapiga hodi, mzazi anaitwa ajieleze. Mtoto wa Leicester akikosa shule akaletwa Unguja, akatembezwa shamba la viungo la Kizimbani, akafikichiwa karafuu kiganjani ainuse, akavishwa kofia ya makuti na kupigwa picha, huyo yuko katika safari ya mafunzo. Mti ni mmoja. Siku yenyewe inaweza kuwa moja, Jumanne. Aliyeupanda ni mtoro na aliyeupiga picha ni mwanafunzi, na hakuna aliyewahi kumwandikia sheha barua kuuliza kwa nini.

Limebaki jambo moja ambalo wasifiaji wenzangu hupenda kuliruka. Familia ikitoroka muhula wa England haishukii katika likizo. Inashukia katika muhula wa watu wengine. Namjua kijana wa miaka tisa aliyeletwa Unguja mwanzoni mwa Oktoba kwa ahadi kwamba binamu zake wanamngoja wacheze mpira. Asubuhi ya kwanza binamu walivaa sare wakaondoka, nyumba ikabaki na yeye, paka, na bibi yake, huyo huyo aliyekwisha kuzikwa mara kadhaa kwa barua. Bibi akauliza:

“Mjukuu wangu, wewe huna skuli?”

Akaambiwa yuko likizo. Likizo ya nini, akataka kujua. Iddi imepita, Krismasi bado. Baba akaanza kueleza nauli za Agosti na nauli za Oktoba, na zile mia tatu na ishirini. Mama mkwe wake alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akamjibu kwamba katika nyumba hii mtoto halali mchana na wenziwe wako skuli.

Kesho yake likatafutwa shati jeupe la binamu, likamzidi mikono. Bibi akamshika mkono mpaka kwa mwalimu, jirani ambaye alimjua tangu akitambaa, na kijana akasukumiwa nafasi mwisho wa dawati. Asubuhi skuli, alasiri chuoni na juzuu yake kwapani, jioni mpira kama muda umebaki. Akaenda hivyo wiki nzima, hakukosa hata siku moja. Rejista ya England kwa siku hizohizo ilimwandika herufi G, ambayo ni ya likizo isiyo na ruhusa, na waliporudi walikuta barua mbili mlangoni, ya baba na ya mama, pauni 80 kila mmoja.