Kilichobaki ni Kamba

Nkt! Hapa Kawangware, karibu na steji ya 46, kuna fundi viatu ambaye siku hizi anatoboa mikanda kuliko anavyoshona soli. Juzi nimekaa kwa benchi lake, akaja kijana anataka tundu la nne. Fundi akamtazama tumbo, akautazama mkanda. "Kijana wangu, huu umeisha. Kilichobaki ni kamba." Tukacheka mpaka chai ikamwagika. Lakini wueh, kicheko cha nini?

Mnakumbuka Julai 5, 2024? Vijana waliouawa kwa maandamano wamezikwa, Mswada wa Fedha umeondolewa, Rais Ruto akatokea kwa runinga na sura ya mtu wa matanga. Eti serikali nayo itakaza mkanda! Mashirika 47 ya umma yavunjwe, washauri wapunguzwe nusu, magari mapya yasinunuliwe mwaka mzima, na maafisa wa serikali wakome kushiriki harambee. Sisi wazee wa benchi tukapiga makofi. Mimi pia, jamani, sijui nililogwa na nani.

Haya. Machi 2, 2025, kanisani Roysambu, mheshimiwa huyo huyo akatangaza mchango wake wa shilingi milioni 20. Ai! Labda hiyo haikuwa harambee. Labda ilikuwa sadaka tu imenenepa.

Mkanda uliokazika ni wa mtoto wa shule. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi akawaambia wabunge wazi kwamba zile shilingi 22,244 za ruzuku ya kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, hazina haiziwezi. Zimeshuka zikawa kama 16,900. Na zilizopungua zitatoka wapi? Uliza mzazi yeyote wa Gatina akiona simu ya mwalimu inaita.

Huko Kibera, mama mboga wa Laini Saba anauza sukuma ya kumi, na SHA, bima ya afya ya serikali, inamtaka alipe ya mwaka mzima kwa mpigo, isiyopungua 300 kwa kila mwezi. Kwanza ajibu maswali ndiyo ipimwe kama ana uwezo: paa ni la nini, choo ni cha aina gani. Choo! Mtu analipa kumi kabla hajafungua mlango, na akikawia anagongewa. Hicho nacho akiandike ni chake?

Basi mheshimiwa yeyote mwenye mkanda aje hapa 46. Tundu ni shilingi 20, na wa kwanza tutamlipia.