Ndovu Amekula, Simu Haijalia: Mwongozo wa Kuifuata Fidia Ukiwa Kinango

Hongera. Ikiwa unausoma mwongozo huu, basi ama ndovu ameingia shambani kwako usiku wa kuamkia leo, ama aliingia zamani na wewe ungali unachungulia simu. Mwongozo unawafaa nyote, ila aliyeingiliwa leo ana nafuu: bado ana nguvu za kupanda bodaboda mpaka Kwale.

Kabla ya kupiga nduru, hakikisha aliyekula anatambulika. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ilikuja na orodha ya wanyama ambao hasara yao hulipwa. Kwa mazao na mifugo yumo ndovu, yumo nyati, simba, chui, fisi, mamba, kiboko, hata pundamilia. Nyani hayumo. Ngedere hayumo. Kwa hivyo ukiamka ukute mahindi yamelala chini, usilie kwanza. Inama utazame nyayo. Zikiwa za nyani, rudi ndani ukanywe chai, hasara hiyo ni siri yako na Mola wako. Zikiwa za ndovu, shukuru: umefilisiwa na mnyama mwenye hadhi. Kwa vifo na majeraha orodha hiyo ilipopitishwa ilikuwa na moyo mkunjufu zaidi, maana mlitiwa papa, taa na hata nyangumi. Sisi wa Kinango nyangumi tunamsikia redioni tu, lakini wavuvi wa Msambweni wasiseme hawakukumbukwa.

Sasa ushahidi. Usiguse kitu. Najua umezoea kuokoa kilichosalia, kuokota magunzi yenye punje na kuwatupia ng'ombe mabua, lakini shamba lililosafishwa ni shamba ambalo halikuliwa. Liache lilivyo mpaka ofisa wa kilimo afike ahesabu, kwa sababu mazao hulipwa kwa bei ya soko na ni yeye anayeipiga hiyo hesabu. Akichelewa, mchunge ndovu asirudi kumalizia, ila usimchunge sana, maana ukimfukuza akapotea kabisa utaulizwa ni ndovu gani.

Tafuta unyayo ulio wazi, mahali ambapo udongo ulikuwa na unyevu kidogo, mahali ambapo hata mikunjo ya ngozi ya chini ya mguu imejichapa kama ramani. Vua ndara zako za akala, uzilaze zote mbili ndani ya duara lile. Zitaenea na nafasi itabaki. Piga picha. Kisha piga nyingine ukiwa umesimama kando na kitambulisho mkononi, kwani picha ya unyayo bila mwenye shamba ni utalii. Kinyesi nacho usikidharau. Pale hifadhi ya Mwaluganje kinyesi cha ndovu kimekuwa kikitengenezwa karatasi za kuuzia wageni, na mara nyingi nimewaza fomu zetu za fidia zingechapishwa kwenye karatasi hizo. Angalau ndovu angekuwa amechangia kitu katika faili.

Tukiwa hapo Mwaluganje, kuna jambo la kuchekesha ambalo mgeni hulikosa. Hifadhi hiyo ilianzishwa miaka ya tisini na wenye mashamba wenyewe, Waduruma na Wadigo, waliokubali ardhi yao iwe mapito ya ndovu kati ya Shimba Hills na msitu wa Mwaluganje, nao wakawa wanapewa sehemu ya mapato ya watalii. Kwa hivyo upande mmoja wa ua wa umeme yuko mtu anayelipwa kwa sababu ndovu wapo, na upande wa pili yuko mwenzake anayedai kulipwa kwa sababu ndovu walikuja. Ndovu ni wale wale. Mwaka 2005 Serikali ilipanga kuwahamisha mamia yao kutoka Shimba Hills hadi Tsavo Mashariki kwa malori. Unaona mwenyewe kwamba waliobaki hawakosi hamu ya kula.

Haya, twende kwenye makaratasi. Utapita kwa mzee wa mtaa, kwa naibu wa chifu, kwa chifu, kwa polisi, kwa ofisa wa kilimo na kwa maofisa wa wanyamapori kule Kwale. Kama kuna aliyejeruhiwa, ongeza hospitali na fomu ya P3. Kila kituo kina muhuri, na kila muhuri una mwenyewe, na mwenyewe ana matanga Lunga Lunga siku utakayofika. Ushauri wangu ni mmoja: fotokopi. Nenda saiba utoe nakala ya kila kitu mara tatu, hata ya ile karatasi iliyoandikwa "njoo Jumatatu". Nakala moja weka kwenye bahasha, moja kwa mwanao aliye Mombasa, na moja chini ya godoro, mbali na mchwa. Tangu leo wewe si mkulima tena. Wewe ni karani wa hasara yako, asiye na mshahara.

Jiandae pia kuulizwa wewe ulifanya nini. Sheria haimlipi mtu aliyezembea kulinda mali yake. Usiseme ulikuwa umelala, hata kama binadamu hulala usiku. Sema ulipiga madebe, ukawasha moto, ukachoma pilipili kwenye mavi makavu ya ng'ombe mpaka nyumba nzima ikakohoa. Kule Sagalla, Taita, wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki kwa kuwa ndovu anawaogopa nyuki. Ni njia nzuri kweli. Tatizo ni kwamba nyuki wenyewe wanahitaji maua na maji, na Kinango ya Agosti huwapa vumbi.

Faili ikikamilika huingia kwenye kamati ya kaunti ya fidia, na kamati ikiridhika hupendekeza kwa waziri, Nairobi. Viwango vimo kwenye sheria yenyewe: shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa jeraha jingine. Usiporidhika na uamuzi una siku 30 za kukata rufaa kwenye baraza la kitaifa la mazingira. Siku 30, zihesabu kwa vidole, usizidishe hata moja. Hizo ni siku zako. Siku za kulipwa hesabu yake ni nyingine, na vidole havitoshi.

Hapa ndipo ufuatiliaji wenyewe huanza. Watu wengi hukosea kwa kwenda ofisini wakiwa na hasira. Nenda na salamu. Mazungumzo mema kati ya mama mdai na kijana wa ofisini huenda hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuulizia ile faili ya ndovu."

"Faili yako iko, mama."

"Iko wapi?"

"Iko Nairobi."

"Na Nairobi wanasemaje?"

"Nairobi wanangoja."

"Wanangoja nini, baba?"

"Bajeti, mama."

Usimkasirikie kijana huyu. Hazina si yake, ndovu si wake, na shati alilovaa bado analilipia. Muulize namba ya faili, iandike kwenye daftari pamoja na tarehe na jina la aliyekujibu, kisha umuage kwa adabu. Ukirudi mara nyingine utamkuta mwingine, na hilo daftari ndilo litakalojua historia ya ofisi kuliko ofisi yenyewe.

Upweke ukikuzidi, ungana na wenzako. Waathiriwa wa kijiji kimoja huunda kundi la WhatsApp, hulipa jina zito, humchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kisha huchanga nauli ya kumtuma mjumbe Nairobi. Mjumbe huenda. Hurudi na picha yake akiwa mbele ya jengo refu. Msimcheke, kudai kwa pamoja kuna nguvu, na jirani zetu wameonyesha. Wakaazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walishtaki pamoja, na Julai 2020 mahakama ikawapa shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua tuzo hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairejesha. Kumbuka kiwanda chenyewe kilikuwa kimeshafungwa tangu 2014. Wazee wa Mau Mau nao, waliopigwa na kuhasiwa na Mwingereza miaka ya hamsini, walikubaliwa kulipwa pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi kwa wadai 5,228. Hiyo ilikuwa Juni 2013. Kwa kipimo hicho, wewe wa mahindi ya msimu wa juzi bado mbichi kabisa.

Marekani, nimesoma, mambo ni tofauti kidogo. Facebook ilikubali kutoa dola milioni 725 kwa kuachia siri za watumiaji wake, na mdai alichotakiwa kufanya ni kujaza fomu akiwa kitandani na kuchagua programu ya simu ya kupokelea hela. Baadaye wadai wakalalamika kwamba pesa zinachelewa kuingia. Hakuna aliyewaambia walete picha ya unyayo wa Zuckerberg.

Nasi pia tuna habari za programu. Serikali imekuwa ikizungumzia fidia ya kidijitali, inayotoka Nairobi na kutua moja kwa moja kwenye M-Pesa ya mwathiriwa. Basi itayarishe simu yako mapema. Laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako, si cha mjomba aliyekununulia 2009 akafariki. Ukiwa na laini ya Safaricom piga *106# uone namba zilizo chini ya jina lako. Unaweza kukuta una laini nne na hukujua. Majina kwenye simu, kitambulisho na faili yafanane herufi kwa herufi. Kama chifu alikuandika Mwakuphunza na kitambulisho kinasema Mwakupunza, hiyo "h" moja ina uwezo wa kuzuia magunia kumi ya mahindi. Na usiiache laini ilale kwa miezi bila kutumika, isije ikauzwa kwa mwanafunzi wa Eldoret ambaye siku moja ataamka tajiri na kumsifu Bwana.

Sina budi kutaja kikwazo cha kihesabu. M-Pesa haibebi zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja haupiti 250,000. Familia iliyofiwa, yenye haki ya milioni 5, ingehitaji laini kumi zilizo tupu na miamala ishirini. Kwa hiyo kwa fidia kubwa fungua akaunti ya benki, na kwa ya mahindi usiwe na wasiwasi wowote, simu haitafurika.

Ujumbe wa kwanza utakaopokea kuhusu fidia utakuwa wa uongo. Huu ni uhakika pekee katika mwongozo mzima. Utatoka kwa namba ya kawaida ya mtu, utakuita "mpendwa mteja", utasema malipo yako yameidhinishwa na yanangoja shilingi 1,500 za kufungulia faili. Wezi hawa wana bidii. Wanajua jina lako, wanajua kijiji chako, na huuliza hali ya watoto kuliko ofisi yoyote uliyowahi kuingia. Mjibu kwamba 1,500 uliiweka shambani, ndovu akaila. Kisha izuie namba, na uwaambie majirani kabla nao hawajapigiwa.

Ujumbe wa kweli hauna maneno matamu. Unatoka kwa jina MPESA, unaanza na msimbo wa herufi na tarakimu zisizosomeka, unasema umepokea, unataja kiasi na salio. Ukiupata, keti chini kwanza. Soma kiasi. Soma salio. Salio likiwa dogo kuliko kiasi, usimshuku waziri: ni Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Ile ya Ramadhani, na ile ya ada ya mtihani, na ile uliyokopa kwa nauli ya kwenda kuulizia fidia, zote zilikuwa macho zikisubiri shilingi yoyote ipite mlangoni, na zimejilipa bila fomu, bila muhuri, bila kamati, bila siku 30. Ndiyo huduma ya haraka kuliko zote katika safari hii.

Kilichosalia kitoe kwa wakala asiyekujua, Mariakani au Kwale mjini, sio kwa yule wa pale stendi ambaye husoma salio la mteja kwa sauti. Nunua mbegu kwanza, kabla hujafika nyumbani. Zima simu. Ukiiwasha jioni utakuta shemeji yako wa Ukunda, ambaye hukumsikia tangu mazishi ya babu, amepiga mara sita, na ya saba itaingia ukiwa bado unaishika:

"Shemeji! Habari za siku nyingi? Nasikia ndovu amekulipa."