Mkuu wa Mkoa na Supu ya Makongoro

Msomaji mwenzangu, kama unaishi nyumba moja na mama mkwe, utanielewa. Wangu tunamwita Mkuu wa Mkoa, maana ratiba yote ya nyumba iko mikononi mwake, kuanzia saa ya kufunguliwa geti hadi nani aanze kuoga. Umri umeshapita sabini.

Alikuwa anasogeza ndoo uani, tena maji nusu, mgongo ukamkata. Akasema ni kiuno tu, akasingwa mafuta ya nazi. Maumivu yalipomnyima usingizi, mke wangu akatoa amri: twende kwenye picha. Pingili moja ya uti wa mgongo ilikuwa imebonyea. Daktari akatueleza kuwa mwanamke akishakoma hedhi, estrojeni hupungua na mifupa hupoteza madini upesi, hata ikafika mahali kuinama na kuinua kitu chepesi kunatosha kuvunja pingili. Wengi huvunjika bila kujua. Nyumbani wanaona tu bibi anazidi kuwa mfupi na kibiongo kinatokeza.

Tuliporudi, vita ikahamia jikoni. Shemeji yangu, Daktari wa Kijiweni, akaingia na makongoro mazima na tangazo: mfupa unatibiwa kwa mfupa. Sufuria ikachemka tangu alfajiri, paka wa mtaa mzima wakahamia kwetu. Supu ni tamu, sina ugomvi nayo, ila kalsiamu ya mfupa haitoki kirahisi kwa kuchemshwa. Kwenye mchuzi huingia kidogo sana. Dagaa wanaotafunwa na miiba yao wanaishinda mbali. Kikombe cha maziwa kina takriban miligramu 300, na mwanamke wa umri wake anahitaji kama 1,200 kwa siku. Nikayasema hayo mezani. Kura zikapigwa, makongoro yakashinda, kama kawaida ya kura za nyumba hii.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mama alikuwa hali. Chai ya rangi na kipande cha mkate, basi. Maumivu yanaua hamu ya chakula, dawa kali za maumivu zinafunga choo, na mgongo ukijikunja tumbo linabanwa, kijiko cha tatu mtu ameshiba. Na huo ndio wakati mwili unadai protini zaidi. Mzee anayeugua, kama hana ugonjwa mkubwa wa figo, hushauriwa gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 50 ni gramu 60 hadi 75 kwa siku. Yai moja lina kama 6. Asipozipata misuli inanyauka, anayumba, anaanguka.

Mke wangu, Mama Zawadi, akabadili mbinu: bakuli ndogondogo mara nyingi, uji wa maziwa na karanga, yai, na dagaa waliosagwa wakachanganywa kwenye maharage. Mambo yakaenda vizuri mpaka kitinda mimba wetu, Redio Mbao, alipotangaza mbele ya wageni, "Bibi, hayo maharage yana dagaa!" Sahani ikasukumwa. Suluhu ikapatikana jioni: Mkuu wa Mkoa atakula, mradi Redio Mbao akae pembeni yake ale vilevile. Wakanawiri wote wawili.

Kuna pia kidonge cha mifupa cha kila wiki. Kinamezwa asubuhi tumbo tupu, kwa maji matupu, kisha mtu anakaa wima nusu saa bila chai wala maziwa. Nusu saa hiyo nyumba nzima tunatembea kwa vidole, maana anayenyimwa chai hukagua kila kitu.

Shangazi akaja kusisitiza mgonjwa alale. Hapo mtaalamu wa mazoezi alikuwa ameshatuonya kwamba kulala sana kunamaliza misuli na mfupa wenyewe. Basi mama hutembea hadi getini, apate jua mikononi, na njiani anahoji kwa nini ua haujafagiliwa.

Kati ya waliovunjika pingili, takriban mmoja kati ya watano huvunjika nyingine ndani ya mwaka. Mzee wako akilalamika mgongo baada ya kuinua kitu chepesi, mpeleke apigwe picha, na kila siku tazama sahani yake inarudi jikoni na nini.