Shangazi, Linki Yangu Inabadilika Sura

Karani mmoja wa Morogoro amemwandikia Shangazi akiwa amefura. "Shikamoo Shangazi. Nimenakili anwani ya tangazo la zabuni kwenye Edge, nikaibandika kwenye barua pepe ya mkuu wangu. Badala ya anwani yakatokea maneno ya buluu yaliyopigiwa mstari. Mkuu anasema hataki mapambo, anataka kuiona anwani kwa macho yake. Je, kompyuta yangu imelogwa?"

Marahaba, mwanangu. Mganga mwache apumzike. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020, mtu akinakili anwani ya ukurasa kwenye Edge, kivinjari hicho huchukua vitu viwili kwa mpigo: anwani yenyewe, na jina la ukurasa lenye anwani hiyo ndani yake. Ni kama msafiri aliyetia kanzu na msuli kwenye begi moja, kisha mwenyeji ndiye anayeamua avae kipi. Programu isiyojua mapambo hupokea anwani tupu. Word na barua pepe hupenda kilichopambwa.

Dawa yake ni Ctrl, Shift na V kwa pamoja, badala ya Ctrl na V. Kwenye barua pepe iliyofunguliwa ndani ya Edge, anwani itatoka kavu kama mkuu anavyoitaka. Asiyetaka kukumbuka hayo kila siku aingie kwenye mipangilio ya Edge, atafute sehemu ya kushiriki, kunakili na kubandika, achague maandishi matupu. Ila Shangazi, kwa siri, yuko upande wa Edge: anwani ya mistari mitatu katikati ya barua haisomwi na mtu, hata na huyo mkuu.

Mwanafunzi wa Eldoret ana kilio cha kinyume. Anatumia Chrome, na kila anachobandika ni anwani ndefu kuliko aya. Chrome ndivyo ilivyo, hutoa anwani tupu. Akiibandika kwenye Google Docs, atazame chini yake: mara nyingi huja pendekezo la kuweka jina la ukurasa mahali pa anwani. Abonyeze Tab, basi. Kwenye Word au Gmail aandike maneno anayoyataka, ayachague, abonyeze Ctrl na K, kisha abandike anwani kwenye kisanduku kinachofunguka. Kivinjari chochote kitamfaa.

Wenye Firefox nao wasione wivu. Ukurasa ukishawekwa alamisho, bofya alamisho hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, inakili, nenda ukaibandike kwenye Word. Litatoka jina, na anwani imo ndani.

Mweka hazina wa chama kimoja Mombasa analalamika kwamba kila akituma linki WhatsApp, jina linapotea na anwani inaburuta mkia unaoanza na "fbclid". Mama, WhatsApp hupokea maandishi matupu tu kwenye ujumbe. Ile picha na kichwa cha habari vinavyojitokeza hutokana na maelezo ambayo mwenye tovuti ameyaweka kwenye ukurasa wake. Mkia ni alama ya Facebook ya kufuatilia waliobofya, na unaweza kuukata bila hofu. Usikate tu kila kitu baada ya alama ya kuulizia, maana kwenye YouTube hapo ndipo ilipo namba ya video. Firefox, tangu toleo la 120 la Novemba 2023, humwezesha mtu kunakili linki bila mikia ya namna hiyo.

Barua ya mwisho imetoka kwa mzee mmoja aliyepokea ujumbe wenye maneno ya buluu: "Thibitisha akaunti yako ya benki." Anauliza kama abofye. Hapana, Baba. Maneno yanayoonekana aliyaandika aliyetuma, na anwani iliyo chini yake yaweza kuwa ya mahali pengine kabisa. Kwenye kompyuta weka kipanya juu ya maneno bila kubofya, usome anwani inayotokea chini ya dirisha. Kwenye simu, shikilia kidole juu ya maneno hayo mpaka anwani ijitokeze. Kama si anwani ya benki yako, futa ujumbe huo, kisha ipigie benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako.